Aliyetazama Chini

Gethin Probert alikuwa Namba Moja wa Mbayuwayu, ile timu ya jeshi yenye ndege sita zinazopinduka angani na kumwaga moshi wa rangi huku watu chini wakishangilia, na tangu Februari alikuwa amekufa ganzi. Si ganzi ya mguu uliokaliwa. Hiyo ukiukanyagia hukutekenya kidogo ukapona. Hii ilikuwa ganzi ya mtu mzima, kutoka utosini mpaka unyayoni. Mkewe Nerys alizikwa kwenye mvua, na matanga hayajaanuliwa, bwana huyu akarudi kwenye ndege yake. Watu wakamsifu. Mwanamume chuma, wakasema. Chuma gani! Chuma ukikigonga hulia, na yeye hakulia hata siku moja.

Nyumbani palikuwa na koti la Nerys nyuma ya mlango, na jokofu lenye maziwa tu. Angani palikuwa na kazi. Kwa hiyo akapenda zaidi angani, kama neno kupenda linamfaa mtu asiyesikia kitu.

Sasa, jinsi Mbayuwayu wanavyoruka ndipo penye ugonjwa wenyewe. Namba Moja peke yake ndiye anayetazama dunia. Wale watano wengine hawatazami mbingu, hawatazami ardhi, wala hawana haja na saa ya kimo iliyo mbele ya magoti yao. Kila mmoja amekodolea macho ndege ya Namba Moja, wanayemwita Bosi, amechagua msumari mmoja ubavuni mwa ndege hiyo, na huo msumari ndio ulimwengu wake mpaka watue. Bosi akipanda, wanapanda. Bosi akiingia mlimani, wataingia mlimani wamejipanga vizuri. Msidhani nawakejeli, wenyewe ndivyo wanavyotaniana wakinywa chai. Na atakayeondoa macho kwa Bosi katikati ya kitanzi, pale ndege zinapopinduka juu na kushuka tena, huyo hushushwa, yaani huondolewa kwenye timu. Aliyeshushwa hajawahi kurudi.

Ipo na desturi nyingine. Wakishatua huingia chumba kidogo, vyeo vyao wanavibandua mlangoni na kuvitupa kwenye bati la biskuti, na humo ndani hakuna mkubwa. Kila mtu husema kosa lake kwa kinywa chake, kabla hajaambiwa. Namba Moja huanza. Hutaja makosa yake, halafu hutaja kimo alichofikia chini kabisa ya kitanzi, maana ni yeye tu aliyekisoma. Hakuna anayekwenda kuhakikisha. Kuhakikisha kungekuwa matusi.

Alhamisi hiyo walikuwa wanafanya mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho la Jumamosi. Kitanzi cha tatu, wakiwa wanashuka, Gethin aliiona ardhi inakuja. Aliiona vizuri sana, kijani na maji ya mvua yakimeta. Akajua kwamba wakati wa kuvuta usukani wapande umefika, kisha akajua kwamba umepita. Mkono ukakaa tu. Hakuwa na nia ya kufa, tusimsingizie. Hakuwa na nia ya chochote. Mwishowe akasema, "Vuta," kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, na wote wakavuta. Akaisoma saa ya kimo kama anasoma saa ya mtu mwingine kwenye basi. Kiwango cha chini kilichoruhusiwa ni futi mia tatu. Yeye alikuwa amekwenda chini ya hapo, mbali.

Ndani ya chumba akafungua kikao. Alisema amechelewa kidogo kusahihisha upepo, kwa hiyo keki ya kesho, faini ya mkosaji, ni juu yake. Kisha akasema kimo kilikuwa sawa. Uongo ule ulimtoka kwa wepisi uliomshangaza, kama kweli alishangaa. Duncan Tait, Namba Sita, mkongwe wao mwenye mdomo mchafu na moyo wa mkate, akasema yeye leo aliruka kama bibi anayeegesha gari. Wengine nao wakajitwika makosa yao, huyu alikuwa mbali, yule alichelewa. Siku hizi walikuwa wanajitwika mengi. Ungedhani timu nzima imesahau kuruka isipokuwa Bosi.

Wakawasha televisheni kutazama picha zilizopigwa kutoka chini. Penye kitanzi cha tatu, ndege ya Namba Mbili iliruka juu ghafla, ikaharibu mstari, kisha ikarudi mahali pake. Duncan akawahi kusema ni upepo, upepo wa leo ulikuwa na wazimu. Isla Rennie akasema haukuwa upepo.

"Nilitazama chini," akasema.

Isla ndiye aliyekuwa Namba Mbili, mwaka wake wa kwanza, mtoto wa wauza chipsi wa mji wa Arbroath. Jumamosi baba yake alikuwa afunge duka, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi ya dada yake Isla, aje kumwona bintiye angani. Mikono alikuwa ameiweka juu ya meza, wazi. Alijua amesema nini. Kila mtu mle ndani alijua.

Gethin alitakiwa aseme maneno matatu tu: asante, Namba Mbili. Isla angechukua kofia yake na kutoka, na Jumamosi wangeruka watano. Yeye mwenyewe angebaki mbele, Jumamosi, na wiki inayofuata, na msimu wote, na jioni zote ambazo angechoka kiasi cha kulala bila kulitazama lile koti. Alilitaka hilo. Nisimpambe: alilitaka kweli, na lilikuwa kitu cha kwanza kukitaka tangu Februari. Maneno yalishafika mdomoni.

Lakini yule binti hakusema "ulikuwa chini mno, Bosi." Angeweza, na hakuna ambaye angemlaumu. Alisema kosa lake tu, akamtazama Gethin, msumari wake.

"Uliona nini?" Gethin akauliza.

"Kondoo."

"Kondoo wako kila mahali."

"Niliona masikio yake, Bosi."

Mmoja akacheka, kisha kicheko kikamkwama. Kutoka futi mia tatu, kwa kasi ile, kondoo ni punje ya mchele. Punje haina masikio. Televisheni ikaendelea kuonyesha moshi mwekundu ukitawanyika, na Duncan akanyoosha mkono akaizima.

"Futi mia na kumi," Gethin akasema. "Niliisoma, nikawaambia uongo. Niliiona ardhi inakuja na sikusikia kitu. Isla ataruka. Anayeshuka ni mimi."

Akangoja wang'ake. Alistahili kutukanwa, na Duncan ana matusi ya kutosha kikosi kizima. Hakuna aliyeng'aka. Watano wale walitazama meza, na nyuso zao zilikuwa na aibu, si mshtuko. Hapo ndipo akili yake, iliyokuwa imelala miezi yote hiyo, ikaanza kujipapasa.

"Mlijua," akasema.

"Hewa ya chini ina mashimo yake," Duncan akajibu taratibu. "Huhitaji saa ya kimo. Unayasikia matakoni."

"Tangu lini?"

"Tangu masika. Siku zingine uko sawa, siku zingine tunahesabu maua."

"Na hamkusema?"

Duncan akajikuna ndevu. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Akasema walishazungumza, wote watano, jikoni kwake. Isla ndiye aliyepinga, wakamnyamazisha kwa sababu ni mgeni. Waliona kwamba Gethin amebakiwa na kitu kimoja duniani, na wakimnyang'anya hicho atakwenda nyumbani kujimaliza.

"Kwa hiyo tukakufuata," akasema. "Si ndiyo kazi yetu?"

Wema gani huo, jamani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa walikuwa wameyaficha maradhi ya mtu mwingine kwa kuziweka rehani roho zao wenyewe. Gethin akawatazama mmoja mmoja. Duncan ana mapacha wanaoanza shule Septemba. Pryce, aliyekuwa anachezea kizibo cha kalamu, mkewe ana mimba ya pili. Kila asubuhi waliwabusu watu wao, wakavaa, wakapanda, wakayakaza macho kwenye ubavu wa ndege yake wakijua kabisa aendako hakujulikani, na jioni wakaja humu kusema kosa ni letu.

Kitu kikamshika tumboni. Mwanzo hakukitambua, kilikuwa kimepotea muda mrefu. Kikapanda kifuani, jasho likamtoka kwenye viganja. Ilikuwa hofu, ile ile iliyopaswa kumjia juu ya yule kondoo, na juu ya maua ya masika, na sasa ilikuja yote kwa pamoja. Akasema anataka kwenda kumpigia simu mkuu wa kituo.

Akajaribu kusimama, magoti yakakataa. Isla akazunguka meza, akamshika kwapani, wakangoja magoti yakubali.