Kasha la Kioo na Paketi ya Kijani

Kila ukoo hapa Taipei una mtaalamu wake wa kompyuta. Wa kwetu ni Kaka Chien-hung, mtoto wa mama mdogo, aliyepata cheo hicho akiwa na miaka kumi na tano kwa kuzima printa ya babu na kuiwasha tena. Tangu siku hiyo hakuna anayenunua hata kipanya bila yeye. Ukinunua, umemtukana mama yake.

Basi nilipohitaji kompyuta ya kumalizia filamu yangu ya katuni, tulikwenda wote soko la Guanghua. Studio niliyoomba kazi ilinipa hadi Ijumaa, saa kumi jioni. Kompyuta ingechakata picha saa thelathini mfululizo.

“Nataka hili,” nilimwambia muuzaji, nikimwonyesha kasha jeusi la kompyuta, lenye matundu tele mbele.

Kaka alicheka mpaka akashika meza. “Yi-chun, unanunua kompyuta au chujio la tambi? Chukua hili la kioo! Feni saba, zote zinawaka rangi.”

“Hewa inaingilia wapi?”

“Subiri uone itakavyopendeza.”

“Nimeuliza hewa, Kaka. Sijauliza urembo.”

Muuzaji alitazama dari. Kasha la kioo ndilo lililokuwa ghali.

Prosesa na kadi ya picha nilichagua mwenyewe. Kwenye kasha nilishindwa, kwa sababu Kaka alimpigia mama yake, mama yake akampigia mama yangu, na kufumba na kufumbua nilikuwa mtovu wa adabu. Tukabeba kioo.

Jumatano asubuhi Kaka aliiunganisha. Kisha, kwa heshima kama yuko hekaluni, akaweka juu yake paketi ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ile tunayoweka juu ya mashine ili itulie na kutii. Alikagua rangi, maana nyekundu ni balaa. Alikagua tarehe, isiwe imepita. Hakukagua kwamba ameilaza juu ya matundu pekee ya kutolea hewa.

Baada ya dakika arobaini kompyuta ilizimika. Nikaiwasha. Ikazimika.

“Kaka, inaungua hii! Niiondoe paketi?” nilimuuliza kwenye simu.

“Thubutu! Labda moja haiitoshi.”

Jioni akaleta mbili zaidi. Mtaalamu huyo.

Alhamisi, saa tatu kasoro asubuhi, nilikuwa nimebakiwa na saa thelathini na moja na filamu isiyo na hata sekunde moja iliyokamilika. Nikachukua bisibisi, nikang’oa kioo cha ubavuni, nikaondoa paketi zote tatu. Kompyuta ikavuta pumzi, ikaanza kazi. Kwa kuwa sikuwa na muda wa kupika, nikazila.

Filamu ilikamilika Ijumaa saa tisa alasiri. Jumamosi studio iliniita kwenye usaili.

Jumapili, mezani kwa Mama Mdogo, Kaka alitangaza kwamba paketi tatu zimefanya kazi nzuri.

“Zilifanya,” nikasema. “Nilizila.”

Vijiti vya kulia vilisimama hewani.

“Ulizila?” Mama Mdogo akashika kifua. “Na mashine ikiwa inafanya kazi? Msichana huyu! Mwombe radhi kaka yako. Halafu ukifika nyumbani, iombe radhi na kompyuta.”

“Mwombe tu yaishe,” mama akaninong’oneza.

Kaka alikuwa ameshakaa mkao wa kusamehe.

“Mama Mdogo, nipitishie supu,” nikasema. “Siombi radhi.”