Mwaka wa Baiskeli ya Mashindano

Alhamisi asubuhi mwalimu wa jiografia aliingia karakana ya fundi baiskeli akisukuma baiskeli ya marehemu baba yake. Matairi yote mawili hayakuwa na upepo, na vumbi la stoo lilikuwa limeganda hadi kwenye spoku. Alitaka kujua mambo mawili tu: ni modeli gani, na ni ya mwaka gani. Klabu ya waendesha baiskeli ilikuwa inamwandalia baba yake ukuta mzima ukumbini, kwa kuwa ndiye aliyeshinda mbio ndefu kuliko zote zilizowahi kufanyika pale mjini, na katibu wa klabu hakuwa mtu wa kuvumilia kadi ya maelezo yenye pengo.

Fundi, ambaye watu wote humwita Spana, alivaa miwani akaigeuza baiskeli magurudumu juu. Namba ya fremu hupigwa chini, pale ekseli ya pedeli inapopita. Alikuta chuma kimeliwa na kutu, tarakimu zimebaki mbili, na hizo zenyewe hazieleweki. Akahamia kwenye vijiti vya gia vilivyofungwa kwenye bomba la chini, kisha kwenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume.

"Modeli nimeipata," alisema. "Hii ni ya mashindano yenyewe, gia kumi, si hizi za kwendea sokoni. Mwaka ndio unanichenga."

"Sasa?"

"Sasa naikalia."

Alijaza upepo, akaifunga kwenye stendi ili gurudumu la nyuma lizunguke bila kwenda popote, akapanda. Alipoanza kukanyaga, mvi zilitoweka, tumbo likaingia ndani, shati likamning'inia. Juu ya kiti alikuwapo kijana mwembamba ambaye magoti yake nusura yamgonge kidevu, maana kiti kilikuwa chini mno. Mwalimu alisita kidogo, asijue kama huyu bado ni wa kupewa shikamoo.

"Nitazame jino hili la mbele," alisema Spana. "Lilivunjika siku niliyotimiza ishirini. Lipo?"

"Lipo."

"Na sharubu?"

"Zimeanza anza."

"Basi hiyo ni kumi na tisa, umri wangu ilipotoka kiwandani. Andika."

Alishuka na tumbo likarudi mahali pake. Ana miaka sitini na mmoja, kwa hiyo baiskeli ina arobaini na miwili. Lakini Spana hapimi mara moja. Alimwita kinyozi wa mlango wa pili, mwenye miaka hamsini na minane, akampandisha. Kinyozi akatoka chunusi, sauti ikaanza kukwaruza. Kumi na sita. Arobaini na miwili tena. Kinyozi aliomba aachwe azungushe kidogo zaidi kwa sababu goti lilikuwa haliumi, mpaka mteja wake akamfuata na povu shavuni.

Mwalimu naye akashika usukani.

"Wewe hapana," fundi akamzuia. "Una miaka mingapi?"

"Arobaini."

"Ukipanda utakuwa hujazaliwa. Mimi sitaki kesi."

Saa sita mama yake mwalimu alipita kumletea bintiye huyo funguo za nyumba. Ana miaka sitini na sita na hutembea polepole, akilaumu kila ngazi anayokutana nayo. Alipoiona baiskeli alimkabidhi binti yake mkoba, akapanda bila kuuliza mtu. Akawa na ishirini na minne. Goti lilikunjuka sawasawa, mikono ikafika ilipotakiwa kufika, na mikanda ya pedeli ikafungika kwenye tundu lile lile lililochakaa.

Spana aliinama akakagua nguzo ya kiti. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa kutu. Kiti hakijawahi kupandishwa.

"Mwalimu, baba yako alikuwa na kimo gani?"

"Baba? Alikuwa akiinama kila mlango."

"Basi baba yako hakuipanda hii."

Mama alieleza huku akikanyaga, wala hakuhema. "Asubuhi ya mbio, baiskeli ikiwa bado mpya, baba yako aliamka kifundo cha mguu kimevimba. Nikavaa kofia yake na namba yake. Nikawaacha wote pale kilima cha kiwanda cha matofali."

"Na klabu?"

"Klabu haikuandikisha wanawake. Wakaniuliza, namba hii ya nani? Nikasema ya mume wangu. Wakasema hongera, mumeo kashinda."

Mwalimu alikumbuka kwamba kila baba yake alipopongezwa alijibu, "Muulizeni mama watoto." Watu walicheka, wakamsifu kwa unyenyekevu. Yeye mwenyewe hakuuliza hata siku moja. Aliona aibu, kisha akaona fahari kubwa hata hakujua mikono aiweke wapi.

Saa kumi katibu alifika na kadi, imeshachapwa, pengo la mwaka tu limebaki. Alisikiliza habari yote akasema haimo kwenye kumbukumbu. Hata hivyo mwaka alitaka kuuhakiki mwenyewe, kwa hiyo mama alishuka akampisha. Katibu alipanda akawa na miaka ishirini na mmoja, mtu asiyewahi kuongoza kikao.

"Shemeji!" aliita kwa furaha. "Mimi ndiye niliyeshika bendera pale mwisho! Kofia yako ilianguka, nikakuona. Ulishinda wewe!"

"Andika," mwalimu alimwambia.

Aliigeuza kadi, akaandika nyuma yake bila kuacha kukanyaga, akatia saini. Kisha akashuka, akavaa miwani, akasoma.

"Maneno mazuri. Lakini saini hii niliacha kuitumia nilipochaguliwa. Klabu haiwezi kuipokea."

Walimpandisha mara tatu. Mara tatu alikiri akicheka, mara tatu alishuka akakanusha. Mwisho aliigeuza kadi upande wa mbele na kuujaza mwaka kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu alitaka kumpandisha mara ya nne. Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwacheni jamani, mtamchosha bure." Aliifungua baiskeli kutoka kwenye stendi akaielekeza barabarani.

"Hiyo ni mali ya maonyesho," katibu alisema.

"Nitaileta nikichoka."

Alipanda, akakata kona ya kinyozi akiwa ameinama kwenye usukani, miaka ishirini na minne. Umri huo mtu hachoki upesi.

Kadi ilibandikwa Jumamosi kama ilivyopangwa, kwa gundi, juu ya misumari miwili mitupu ya kutundikia baiskeli. Wageni husimama mbele yake, husoma modeli, husoma jina la bwana aliyeshinda, na hutikisa vichwa kwa heshima. Mwaka ulioandikwa pale ni sahihi kabisa.