Vifungo Saba

Mtaa mzima ulimwita Mama Zipu, naye jina alilipenda. Kwa miaka ishirini na mbili alishona magauni na mashati ya zipu na kulabu. Mteja akitaka vifungo, alimwelekeza kwa fundi jirani. Vifungo vimepitwa na wakati, alisema. Ukweli ni kwamba aliviogopa. Akiona kimoja kinaning'inia kwenye uzi, mwili ulimsisimka na mate yakamjaa mdomoni. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini yeye hakuwahi kutafunwa na kifungo.

"Nani asiyeogopa kifungo?" fundi jirani alizoea kumtania. "Hata wezi wanakiogopa."

Sasa binti yake alikuwa ameleta kitambaa cheupe. Ijumaa angekula kiapo cha uuguzi, na chuo kilitaka koti la vifungo saba, zipu marufuku.

"Nitampelekea jirani, mama. Shida yako naijua. Tena ina jina, nimelisoma: kumpunofobia."

Mama Zipu aliacha kukanyaga cherehani. "Hebu rudia."

Binti akarudia.

"Kumbe lina cheo kabisa," alisema, na alifurahi kweli. Miaka yote alijiona kichaa wa peke yake. Kumbe wenzake wapo, mpaka wametafutiwa jina. "Lete kitambaa. Nguo yako ya kwanza duniani niliishona mimi. Na hii naishona mimi."

Alhamisi mchana koti lilikuwa tayari, vimebaki vifungo tu. Alivimwaga mezani, akatoka nje kutema mate, akarudi. Kila sindano ilipopita tunduni alitaja silabi moja: ku, mpu, no, fo, bi, a. Kwenye kifungo cha tatu alilia kidogo. Kwenye cha tano alianza kulicheka jina lenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa binti alivaa. Kifungo cha shingoni kilimshinda. Aligeukia dirishani akihangaika nacho kimyakimya, asimsumbue mama yake.

Mama Zipu alimshika bega, akamgeuza. Akakikamata kile kifungo kwa vidole vyake vitupu, akakipenyeza tunduni, kisha akakipapasa kuhakikisha kimekaa sawa.

"Vifungo saba, mwanangu," alisema, "na vyote nimevitumikia. Twende ukaape."