Uzi wa Chini

Mama Redio alikuwa haongei, alikuwa anatangaza. Jina hilo alipewa na wifi yake, na lilimkaa sawasawa. Akiwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga na mdomo unakanyaga: mara umbea, mara pambio, mara maombi. Kanisani akisimama kuomba, wenye watoto wachanga walitoka kunyonyesha, wakarudi wakamkuta bado yuko kwa wagonjwa, wajane hajawafikia.

Asubuhi hiyo alizidi. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa saa sita, na gauni alilishona mwenyewe. Nani mwingine angethubutu? Alikuwa anamalizia mshono wa ubavuni, sauti inafika kwa majirani. "Baba, tuma malaika mlangoni, tuma na wengine barabarani, gari la bwana harusi lisizime, mvua isinyeshe, mpishi asizidishe chumvi..."

"Wifi, mwache Mungu naye ajibu basi," alisema shangazi wa bi harusi, akipiga shela pasi.

"Akijibu nitasikia."

Asingesikia, tusidanganyane. Tangu binti aposwe, Mama Redio alikuwa anaogopa kunyamaza. Alikuwa mjane, na akinyamaza tu aliiona nyumba itakavyokuwa: sahani moja mezani, kitanda cha binti kimetandikwa, hakuna wa kumwambia lala salama. Kwa hiyo aliongea. Maombi aliomba mengi, ila amani hakuipata hata kwa dawa.

Gauni likavaliwa. Binti akasimama mbele ya kioo, akainua mkono kurekebisha shela, na ubavu wote ukafunguka kuanzia kwapani hadi nyongani.

Mama Redio akainama kwenye cherehani, akachomoa kigurudumu cha uzi wa chini. Kitupu. Uzi ulikuwa umekwisha zamani, pengine kabla ya malaika wa barabarani. Sindano ilipanda ikashuka, mashine ikavuma, lakini uzi wa juu peke yake haushiki kitu. Gauni lilifika kiooni kwa nyuzi za kushikizia tu. Na mlio wa mashine hubadilika uzi wa chini ukiisha. Fundi anayeanza kazi leo hufundishwa kuusikiliza.

Chumba kikachafuka. Shangazi anataka pini, mpambe anataka gauni la kuazima, bi harusi machozi na wanja vinashuka pamoja. Mama Redio akajaribu kutunga sindano. Uzi haupiti. Akafungua mdomo aombe. Maneno yakagoma.

"Nipeni gauni," akasema taratibu. "Halafu mtoke wote."

Akafunga mlango, akakaa. Ile nyumba aliyoiogopa ikamjia, na sahani yake moja, na safari hii hakuifukuza. Akaitazama. Ajabu, haikuwa tupu, mlikuwa na Mtu ndani. Hakuona kitu wala hakusikia sauti, msije mkasema nimetia chumvi. Alijua tu, kama mtoto anavyojua gizani kwamba mama yake yumo chumbani. Furaha ikampanda kutoka tumboni, ikajaa kifuani, akacheka peke yake na uzi mkononi. Kumbe alikuwepo siku zote, alikosa tu nafasi ya kuchomekea neno.

Akajaza kigurudumu cha chini, na uzi wa juu ukapita tundu la sindano mara ya kwanza. Akashona bila kusema, akiisikiliza mashine, na moyo unamdunda kwa raha.

Nje, shangazi alibandika sikio mlangoni. "Haongei," akamnong'oneza mpambe. "Au amezimia?"

Kanisani, mchungaji alimwita mama wa bi harusi aombe. Watu wakajiweka sawa kwenye viti. Mzee mmoja akaanza kumenya peremende. Mama Redio akafumba macho, akanyamaza. Akanyamaza mpaka watoto nao wakatulia, mpaka bi harusi akageuka kumtazama kwa wasiwasi. Maskini, wiki nzima alikuwa akijiuliza mama atabaki na nani.

"Baba," Mama Redio akasema, "jioni tutarudi nyumbani wote wawili, mimi na wewe. Asante. Amina."

Mzee wa peremende alikuwa bado hajamaliza kumenya. Bi harusi akasahau taratibu zote, akamwacha bwana harusi wake madhabahuni, akakimbia akamrukia mama yake, mikono yote miwili juu. Na gauni likashika.