Orrin wa Zamani

Orrin Teasdale alikuwa kitandani sebuleni, mrija wa oksijeni puani, siku mkubwa wa kampuni ya magari ya Haldane alipotokea kwenye televisheni akitembea kati ya mitambo, tai imemkaa vizuri. Akasema, "Tumelipa. Mkopo wa serikali tumeulipa wote, tena kabla ya wakati."

Orrin alicheka mpaka akakohoa, na alivyokohoa mkewe Verna akaja mbio kutoka jikoni.

Haukuwa uongo mtupu, ndiyo maana uliwakera watu kuliko uongo. Mwaka uliopita Haldane ilikuwa inakata roho, serikali ikaiokoa kwa kodi za watu. Kisha mahakama ikaipasua vipande viwili. Haldane mpya ikachukua viwanda, jina na lile bango la taa juu ya lango. Haldane ya zamani ikaachiwa madeni, ikafa nayo. Mkopo mkubwa ulikuwa wa ile ya zamani. Mpya ililipa kamkopo kake kadogo, ikapiga tarumbeta. Kiwanda cha viti vya magari, alichofanya kazi Orrin tangu ujana wake, nacho kilikuwa kinaidai ya zamani. Kikafungwa, na pensheni yake ikaenda na maji.

Caz Wojtala, kaka yake Verna, alikaa kando ya kitanda akiangalia viatu vyake. Yeye alistaafu Haldane yenyewe. Pensheni yake iliokolewa na fedha zilezile za serikali.

"Shemeji," Orrin akamwambia, "nikifa nizikeni kwa mtindo huo. Orrin wa zamani mfukieni na bili zote za hospitali. Orrin mpya atoke hapa na nyumba na boti."

"Wewe hata shetani hatakupokea," Caz akajibu. " Ataogopa utamdai."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilikuwa nimekuja na karata, maana Alhamisi ilikuwa siku yetu ya kucheza. Halafu Orrin akaacha kucheka.

"Sasa sitanii, Caz. Nisipakiwe kwenye gari la Haldane. Hata hatua moja. Niahidi."

"Sawa."

"Sawa si ahadi. Sema."

"Nakuahidi, shemeji."

Ahadi ni deni, na hilo Caz alijitwika bila kupima uzito wake. Mji wetu mzima wa Tarrow unaendesha Haldane. Punguzo la wafanyakazi linafika mpaka kwa wakwe na wajukuu. Kwenye uwanja wa ukumbi wa chama cha wafanyakazi lipo tangazo kwamba gari lililotengenezwa nchi za nje litavutwa kwa gharama za mwenyewe, na nimewahi kuona likivutwa, la padri mgeni. Gari la maiti la Lindqvist, mzishi wetu, ni Haldane pia.

Nje ya Tarrow mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wiki ileile Caz alisimama kujaza mafuta wilaya ya jirani, mwanamke mmoja akapiga boneti yake kwa kiganja. "Baba wee, gari hili nimelinunua mimi kwa kodi yangu! Lini utanipeleka matembezi?" Watu wakacheka. Caz alirudi na tangi nusu.

Orrin alikufa Aprili, theluji ikiwa imebaki madoadoa kwenye mitaro. Caz akaenda mjini, akapata gari la maiti la kukodi, la Kijapani, jeusi, linang'aa. Verna akakataa katakata.

"Umpitishe mume wangu kwenye hilo mbele ya ukumbi wa chama? Wewe una akili? Mimi nitaendelea kuishi hapa, Caz. Nani atanisalimia?"

"Basi trela la Hollis."

"Lile analobebea viazi?"

Caz akasema, "Tutambeba kwa mikono."

Kutoka kwa Lindqvist mpaka makaburini ni kama maili moja, barabara ikipita lango la kiwanda cha viti. Nimezunguka nchi nyingi, na kote nilikoona jeneza likibebwa kwa miguu, watu hupokezana. Huyu anaingia, yule anatoka, hata mpita njia huweka bega. Nikamwambia Lindqvist tupange hivyo.

"Wabebaji ni sita," akanijibu kwa upole. "Majina yameshachapwa kwenye ratiba ya ibada."

Hapa wabebaji hushika mishikio kutoka mlangoni hadi kwenye gari, hatua chache, basi. Ni heshima, na heshima ya mtu haiingiliwi. Tukawa sita hao: Caz, mimi, na wazee wanne wa kiwanda cha viti. Mdogo kuliko sote alikuwa na nyonga ya bandia. Jeneza lilikuwa la chuma.

Tukatoka. Nyuma yetu yakafuata magari, yote Haldane, taa zimewashwa mchana, yakitambaa kwa mwendo wetu. Mvua ikaanza. Tulipofika mbele ya ukumbi wa chama vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Caz alikuwa anapumua kama mtu aliyekabwa.

"Tuweke kidogo," mmoja akasema.

"Twende."

"Caz, naangusha."

Tukaliweka chini penye lango la kiwanda cha viti, kwenye tope, maana hapakuwa na pengine. Nikageuka. Msafara mzima ulikuwa umesimama. Nyuma ya vioo niliona watu ninaowajua, wanaume wenye mabega mapana, vijana wa timu ya mpira. Wipa zinakwenda na kurudi. Hakuna aliyeshuka. Sidhani ilikuwa roho mbaya. Hawakuombwa, na majina yao hayakuchapwa.

Duane Rusk, mwenyekiti wa chama, ndiye aliyesogeza pikapu yake, akafungua mlango wa nyuma. Haldane ya mwaka ule, bado ina harufu ya dukani.

"Caz, mpandishe shemeji yako. Analowa."

"Nilimwahidi."

"Najua. Lakini tazama hawa wazee, bwana. Unataka tuzike wangapi leo?"

Caz akainama, akashika mshikio peke yake. Jeneza likainuka kidogo upande mmoja, likarudi kwenye tope. Akajaribu tena. Hapo Verna akashuka kwenye gari bila mwavuli, viatu vyake vya kanisani vikizama.

"Mpandisheni," akasema.

"Verna, nilimpa neno langu."

"Ulimpa Orrin wa zamani." Sauti yake haikupanda. "Huyu mpya hakudai kitu."

Hakuna aliyecheka. Tulimpandisha. Duane akaendesha polepole, na Caz akakataa kupanda gari lolote. Akatembea nyuma ya pikapu mpaka kaburini, moshi wa bomba ukimpiga magotini.

Baada ya mazishi kulikuwa na nyama ya nguruwe na viazi ukumbini. Verna aliwapa mkono wabebaji mmoja mmoja. Alipomfikia kaka yake alimpa sahani.

Tangu siku hiyo gari la Caz liko mbele ya nyumba yake, matairi yamelala. Dukani huenda kwa miguu. Watu husimamisha magari yao, hushusha kioo, "Panda, mzee, njia yetu ni moja." Yeye huinua mkono bila kugeuka, anaendelea kutembea kando ya mtaro.