Mizani Nyuma ya Magunia

Kila asubuhi, kabla wanunuzi wa dagaa hawajafika Kibirizi, Winfrida alivua kandambili zake nyuma ya magunia ya Leonia akapanda kwenye mizani. Ilikuwa mizani ya kupimia magunia, sahani pana ya chuma iliyochakaa. Zile ndogo za madukani zilikuwa zimemshinda. Kwenye hizo mshale ulizunguka ukafika mwisho ukakwama. Leonia alishika turubai kama pazia ili wachukuzi wasichungulie, akasoma namba kwa sauti ya chini, kisha wakafungua fundo moja kwenye kamba ya kushonea magunia iliyoning'inia kibandani. Leonia mwenyewe ndiye aliyeyafunga mafundo hayo, moja kwa kila siku iliyobaki kabla ya safari ya Dar, ambako wote wawili wangefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Yalikuwa yamebaki sita.

Asubuhi hiyo Winfrida alikuwa na mguu mmoja juu ya mizani na mwingine bado mchangani, turubai liliposogezwa na mkono ambao haukuwa wa Leonia.

"Shuka hapo," alisema mama yake.

Winfrida alishuka. Alisahau hata kuamkia. Mama yake alipaswa kuwa Kidahwe, shambani kwake, akiamini kwamba bintiye anajiandaa kwenda semina ya walimu. Badala yake alisimama pale katikati ya harufu ya dagaa, kitenge kimejaa vumbi la barabarani, macho mekundu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba ya nini? Mwana wanje, mwanangu, unakwenda kuchanwa tumbo na mimi nipo hai, sijui?"

Winfrida aliinama kutafuta kandambili zake. Ulimi wake ulikuwa hivyo tangu utotoni: neno likiwa kubwa, hulala. Aligeuka kumtazama Leonia. Leonia alikuwa amesimama pembeni, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mpana, mwenye sauti ambayo kila mtu pale ufukweni aliijua, na sasa alikuwa anaokota dagaa waliomwagika, mmoja mmoja, kana kwamba angewauza hivyo.

Kibirizi nzima, ni Leonia peke yake aliyejua. Alijua pia sababu ya kuficha. Diana, dada yake Winfrida, aliingia chumba cha upasuaji kujifungua akitembea kwa miguu yake, akatolewa amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo mama yao hakutaka hata kusikia neno kisu cha daktari. Winfrida alimsimulia Leonia hayo siku walipokutana kwenye foleni ya vipimo, akalia, na Leonia akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake mwenyewe. Kuanzia hapo walikunywa uji wao mwepesi pamoja, wakalinganisha njaa zao pamoja, wakatumiana sauti kwenye simu alfajiri: "Umeamka, mwalimu? Mate yanakutoka?"

"Dada Leonia," Winfrida alisema, "nani amemwambia Mama?"

"Mzazi ana haki ya kujua, mdogo wangu. Ungekufa kule, mimi ningemwambia nini?"

"Alikuja na bodaboda mpaka mlangoni," mama alidakia. "Watu wazima wanafanya hivyo. Siyo wewe. Na Castory nimeshampigia. Hakuuguzi, haendi hospitali, hakanyagi hapo!"

Winfrida aliketi juu ya gunia. Castory, kaka yake aliyeko Dar, ndiye aliyekubali kumuuguza, na hospitali ile haikumlaza mgonjwa asiye na ndugu wa kukaa naye. Miezi yote ya vipimo, supu ya kuchujwa na kizunguzungu darasani iliyeyuka hapo hapo.

"Mama, mimi silali," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Huu mwaka wa pili nalala nimeketi kwenye kiti. Nikijinyoosha pumzi inakatika. Daktari amesema nikiendelea hivi, asubuhi moja sitaamka."

Mama alisogea karibu. Alimtazama bintiye kama mtu aliyeoneshwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakuwahi kukifungua. Lakini akatikisa kichwa.

"Na huo moyo je? Huko ndiko kwenda kufa haraka zaidi. Daktari amekwambia moyo wako hautahimili dawa ya usingizi, na wewe unaficha, unakwenda tu!"

"Moyo gani?"

"Moyo wako uliovimba. Leonia ameniambia yote. Wamekukatalia, wewe unalazimisha."

Mchukuzi mmoja alipita na gunia kichwani, akapiga mluzi. "Mama Dagaa, leo mnapima ukoo mzima?" Siku nyingine Leonia angemrudishia tusi la kumfukuza hadi majini. Leo hakuinua hata uso.

Winfrida alikuwa anakumbuka. Wiki nzima Leonia hakupanda mizani. "Nimeshapima kabla hujaja," alikuwa akisema, na Winfrida akampongeza kila mara. Alikumbuka pia siku Leonia alipoitwa peke yake kurudia kipimo, akarudi anacheka, anasema mashine ilikuwa mbovu.

"Majibu yangu ya moyo yalikuwa mazuri," alisema polepole. "Uliyasoma wewe mwenyewe, tukashangilia. Dada Leonia, moyo uliovimba ni wa nani?"

Leonia alimwaga dagaa aliokuwa nao kiganjani.

"Panda mizani," Winfrida alisema.

"Achana na mimi."

"Wamekukataa wewe. Na bado kila asubuhi unafungua fundo na mimi."

Mama aliwatazama wote wawili, kisha akamgeukia Leonia. "Ulikaa kwenye mkeka wangu ukanililia mwanangu. Kumbe ulikuwa unajililia?" Hakungoja jibu. Alitoa simu kwenye fundo la kitenge, akamkabidhi bintiye. "Mpigie Castory. Mwambie nimekosea. Mwambie na mimi nakuja."

Winfrida aliishika simu lakini hakuweza kuibonyeza.  Alitamani sana kufurahi. Alichoona tu ni ile ncha ya kanga iliyomfuta machozi.

"Ungeniambia, ningelia na wewe," alisema. "Ningeahirisha, tukatafute daktari mwingine. Kwa nini, dada? Usiniambie habari za haki ya mzazi. Ulitaka nini?"

"Nilikuwa nakuonea huruma..."

"Ulitaka nini?"

Leonia alikaa juu ya sahani ya mizani kwa uzito wake wote, na chuma kikalia. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, ya mtu asiyezoea kusema chini.

"Nilitaka ubaki mnene na mimi. Urudi umekonda, unanipita hapa na wenzako wembamba, mimi nakaa na nani? Sikuogopa ufe, Winfrida. Niliogopa upone."