Uso Ulioungua

Mama Mgongo alikuwa tayari anaigiza mgonjwa wake wa pili tangu asubuhi. Wa kwanza alivaa blauzi ya kijani na bandeji mkononi. Huyu wa sasa alikuwa na kitambaa kichwani, miwani isiyo na vioo, na kikohozi ambacho hakuna aliyemwomba. Walipoambiwa watembee, alikatiza ukumbi taratibu, akajishika kiuno, akakaa kwenye benchi la wagonjwa na kuipa kamera kisogo. Hospitali yenyewe ilikuwa ghala la zamani lililopakwa rangi nyeupe upande mmoja tu, ule unaoonekana.

Hilo jina la Mama Mgongo alipewa na wenzake kwa utani, na lilimkaa. Wageni katika kazi ile ya kujaza watu nyuma ya waigizaji hugombania kusimama mbele, ili majirani wawaone kwenye televisheni. Wazoefu hukwepa. Mtazamaji akishauona uso wako kwa karibu leo kama mgonjwa, kesho huwezi kuwa muuza nyanya wala mfungwa, atakukumbuka. Uso wa namna hiyo wao huuita umeungua, na mwenye uso ulioungua haitwi tena mpaka tamthilia iishe. Kwa hiyo Mama Mgongo alikuwa ameshakuwa mjane, mpiga kura, abiria na mtawa, na hata mumewe hajawahi kumwona. Mzee wa watu hukodoa macho kwenye televisheni ya jirani: "Yule si wewe?" Naye humjibu, "Yule ni mwanamume, baba watoto."

Mume huyo alikuwa fundi rangi, na tangu aanguke kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, kilichokuwa kikiingia nyumbani kililetwa na kisogo cha mkewe. Kodi ilikuwa imepanda, mkaa umepanda, dawa za maumivu ndiyo usiseme. Tamthilia ilikuwa bado na miezi mitatu. Mama Mgongo aliihitaji yote mitatu.

Ndiyo maana Kapteni alipomjia akitabasamu, machale yalimcheza. Kapteni ndiye aliyewaita, kuwapanga na kuwafukuza watu wa nyuma, na si mtu wa kutabasamu hovyo.

"Dada yangu wa nguvu!" alisema. "Leo nyota yako imewaka. Mwongozaji anataka mama wa kumlilia mwanawe aliyefariki. Kamera karibu kabisa, uso mzima. Nikamwambia, ninaye."

"Kwa nini mimi?"

"Una uso wa huzuni."

"Umeuona lini, na wewe kila siku unaniona kwa nyuma?"

Kapteni alicheka kwa meno tu. "Ona, mtu anapewa bahati anauliza maswali."

"Na nikikataa?"

"Nani kakulazimisha? Asiyetaka kazi huwa namwacha akapumzike nyumbani." Akampigapiga begani, akaondoka akipiga mluzi.

Kilemba cha ukoka hicho, na alijua kimeshonwa lini. Wiki iliyopita mwanamke mmoja alizimia juani wakati wakipanga foleni ya wakimbizi. Walimlaza kivulini nyuma ya jenereta, kisha akaambiwa ajikongoje kwenda kwao. Wakati wa kula Mama Mgongo aliropoka, "Gari la kubeba viti lipo, la kubeba mtu halipo?" Watu walicheka, wengine wakaitikia. Lakini Kapteni hakuwepo. Kwa hiyo kuna aliyemchongea.

Kuanzia hapo kila uso pale ukumbini ulimtia shaka. Yule mwenye pengo, aliyecheka kuliko wote. Yule mshonaji wa mavazi, ambaye leo amemsalimu mara mbili. Akawapitisha kichwani mmoja mmoja, na mwisho akafika kwa Shangazi, akatamani asingefika. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkongwe wao, na ndiye aliyemfundisha kuja na blauzi tatu kwenye mfuko na kugeuka nusu hatua kabla kamera haijafika. Siku ile ya maneno walikuwa wamekaa bega kwa bega.

"Nasikia leo unauza sura," Shangazi alisema, akiketi kando yake na kumkatia mkate.

"Nimeshiba." Alikuwa na njaa mpaka tumbo linanguruma.

Shangazi aliuweka mkate juu ya mfuko, akasogea. "Sikiliza, mdogo wangu. Uso utaungua, hilo limekwisha. Lakini ukisema neno likaingia kwenye tamthilia, wewe si mtu wa nyuma tena. Anayesema ni mwigizaji, lazima wamwandike na waigizaji, na waigizaji huitwa tena. Kuna mmoja zamani alimjibu polisi 'Sijui', basi. Tulimwona tamthilia nzima."

"Watu wa nyuma hatusemi."

"Ndiyo maana nakwambia."

Mama Mgongo alimtazama machoni. Msaada, au chambo? Akisema bila ruhusa, Kapteni atapata sababu ya kumtimua mbele ya watu. Akinyamaza, atatimuliwa kimyakimya. Aliligeuza hilo kichwani hadi walipomwita, na bado hakujua amwamini nani. Alilojua ni kwamba hasira imempanda, na kwamba hataki kuungua bure.

Maiti alikuwa mwigizaji mwembamba aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu akimumunya pipi. Mwongozaji, mwanamke mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alimshika Mama Mgongo mkono.

"Usiseme kitu, mama. Usilie sana. Mtazame tu."

Taa zikawaka. Maiti akaimeza pipi. Yule aliyecheza daktari akafunua shuka usoni pa marehemu, na kwa kuwa shuka lenyewe lilikuwa fupi, miguu ikabaki nje. Mama Mgongo alikuwa amejiandalia neno moja, "mwanangu". Lakini aliiona ile miguu, mikavu, vidole vimekakamaa, akamwona mumewe siku ile ya kuanguka, walipomwacha kwenye korido ya hospitali hadi jioni, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

"Mfunikeni miguu," alisema. "Anasikia baridi."

Daktari alisahau maneno yake. Aliinama, akavuta shuka na kuifunika miguu kwa mikono miwili.

"Kata," mwongozaji alisema, na sauti yake haikuwa sawa. Alijifuta macho kwa kiganja. "Tumepata. Haturudii."

Mama Mgongo hakungoja taa zizimwe. Alimfuata Kapteni palepale, mbele ya watu.

"Nimesema."

"Umesema nini?"

"Maneno. Kila mtu kasikia. Naomba niandikwe na waigizaji."

Kapteni hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. Alimgeukia fundi wa sauti. "Fundi, huyu mama kasema?"

Fundi alivua visikizio, akaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa. "Mimi kipaza nilikiweka kwa daktari tu. Kwake niliambiwa nisiweke."

"Na mdomo?" Mama Mgongo alimgeukia mwongozaji. "Mdomo wangu umeonekana ukisema!"

"Hapo tutaweka muziki, mama," mwongozaji alisema akiwa tayari njiani. "Itapendeza sana. Asante, umenitoa machozi." Alisema kwa wema kabisa, na wema huo ulimuuma kuliko dharau ya Kapteni.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimejaa. Shangazi alikuwa akimngoja penye mfuko wake.

"Habari ya kipaza sikuijua. Haki ya Mungu."

"Nakuamini," Mama Mgongo alisema, na kweli alimwamini. Alikunja blauzi ya kijani. "Na lile la wiki iliyopita?"

Shangazi alifunga vifungo vya gauni lake hadi cha juu.

"Aliniuliza nani alianza maneno ya gari," alisema hatimaye. "Akasema nisipotaja, tunaondoka wote. Nina wajukuu watatu ndani, wewe unawajua. Ningesema nani?"

"Ungesema sote."

Mlango ulisukumwa, Kapteni akaingia kuchagua watu wa kesho. Ni soko, alisema, anataka wauzaji. Alinyoosha kidole: wewe, na wewe, na mwenye pengo, usicheke kama leo. Macho yake yalimpita Mama Mgongo bila kusimama. Kisha akamnyooshea kidole mkongwe wao, aliyekuwa amesimama kando ya Mama Mgongo.

"Shangazi. Kesho uje mapema."

Watu wakajifanya wanatafuta viatu. Mama Mgongo alisogeza mfuko wake pembeni ili mwenzake apate njia ya kupita.

"Nitakuja," alisema Shangazi.